Muuza Nasaba wa Roccascura

Bei zangu zinajulikana.
Babu shujaa, dukati nne.
Babu shujaa aliyefia vitani, tano,
maana kifo kinakula wino.
Ukitaka malaika ashuke, kaa tuzungumze;
malaika siku hizi wamepanda bei.

Ninaishi juu ya duka la mishumaa,
vidole vyeusi mpaka vifundoni,
na makabaila hupanda ngazi zangu wakihema,
wamebeba majina yao kama viatu vilivyoachia soli:
"Ortensio, nishonee."

Wa kwanza alikuwa Tagliavento.
Mkata-upepo, ndiyo maana yake.
Nikamwandikia: siku ya mishale elfu
babu yenu alichomoa upanga, akaukata upepo vipande viwili,
mishale ikakosa mgongo wa kupanda,
ikadondoka kama vijiti vya kuwashia moto.
Alilia. Mzee wa miaka sitini, mezani pangu, alilia,
kisha akauliza upanga ulikuwa na kipini gani.
"Cha pembe," nikasema.
Wiki haikuisha, ukaning'inia sebuleni kwake
upanga wenye kipini cha pembe
na kutu ya kununua.

Kwenye daftari la kanisa, mwaka wa tauni,
babu huyo ni fundi wa kushona matanga ya kinu cha upepo.
Ukurasa ule niliufunika kwa kiwiko.

Wakaja Pelagallo, ndugu watatu wasiosalimiana.
Mnyonyoa-jogoo! Wakipita sokoni, watu huwawikia.
Hapo kijasho kilinitoka.
Nikasema: adui aliapa kushambulia jogoo akiwika,
babu yenu akamnyonyoa jogoo usiku kucha,
unyoya mmoja, unyoya mmoja,
hata jogoo akaona haya kujitangaza.
Alfajiri ikaingia bila kubisha hodi,
adui bado anakoroma.
Waliniongezea dukati, wakashuka ngazi
wakibishana jogoo alikuwa wa rangi gani.
Miaka tisa hawakuwa wamebishana juu ya chochote.

Kisha Bibi Isotta Mangialuna,
na bintiye Zenobia, miaka saba, mafua puani.
Mla-mwezi.
Hiki kisa nilikipenda mwenyewe:
usiku wa kuzingirwa, kiu, ndoo ya farasi,
mwezi umelala ndani ya ndoo.
Babu akainama, akanywa,
akanywa mpaka ndoo ikakauka na mbingu ikazimika,
na adui gizani wakachinjana wao kwa wao.
Ndiyo maana watoto wa ukoo huu
huzaliwa na hilali nyeupe kwenye kucha.
Bibi akatazama kucha zake.
Hata mimi nilitazama zangu.

Jalada la mahakama linasema jibini.
Jibini zima la duara, la mjane,
faini mbuzi wawili.

Zenobia akafuta pua kwa ukosi.
"Na kabla hajala mwezi, aliitwa nani?"

Miaka thelathini ya kazi hii
hakuna aliyeniuliza hivyo.
Kalamu ikaacha tone juu ya ngao ya ukoo,
tone kubwa, likatambaa.

Mimi ni Diotallevi. Mungu-akulee.
Ndilo jina tupewalo sisi tuliozungushwa ndani
kwa gurudumu la ukuta wa watawa,
usiku, bila barua.
Niliwahi kujiandikia babu.
Nilijilipa dukati nne taslimu,
kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto.
Karatasi ile ninayo bado.
Ina maneno mawili: Hapo zamani.

Nikamwambia mtoto:
"Kabla ya hapo, jua likizama,
mwanamke alisimama mlangoni na mwiko mkononi
akaita tu, We! Chakula kinapoa!
Naye alijua ni yeye."

"Na hiyo ni bei gani?" mama akauliza.

Nikakiziba kichupa cha wino.
Zenobia alikwishafika kwenye ngazi,
anaita kuelekea chini, gizani, kwa sauti nzito ya kuazima,
We! We!
ajaribu nani ataitika.

Nusura niitike.